Wakala anataka nimkane binti yangu ili nipate viza ya kumfuata mume wangu

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 34. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza jambo hili lote bila kuzua maneno.

Niliolewa mara ya kwanza nikiwa na miaka 23, ndoa ya msikitini. Tulijaliwa binti mmoja, sasa ana miaka 9. Ndoa ilivunjika mtoto akiwa bado ananyonya. Baba yake aliandika talaka kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili, nikakaa edda, mambo yakaishia hapo. Mahakamani hatukwenda, wala sikujua kama kuna haja ya kwenda. Yeye sasa anaishi Mombasa. Hupiga simu sikukuu na mara mojamoja hutuma hela kidogo. Ada, sare, hospitali, kila kitu ni mimi na mama yangu.

Mume niliye naye sasa ni Mwingereza. Alikuja Tanga kwa kazi ya ufundi wa mitambo, tukafahamiana, akasilimu, akaleta posa kwa wazee kama inavyotakiwa. Tulifunga ndoa mwaka jana na cheti ninacho. Historia yangu yote anaijua na mwanangu anampenda kwa dhati. Kosa ni moja: siku ya kujaza fomu ya ndoa, jamaa aliyekuwa akitusaidia alisema kwa kuwa sina karatasi ya mahakama, tuandike sijawahi kuolewa. Tukaandika hivyo.

Mume wangu amerudi Leeds, anafanya kazi kwenye ghala na mshahara wake ni pauni 27,000 kwa mwaka. Tunataka kuomba viza ya mke. Kuna mtu hapa mjini anayejiita wakala wa viza. Ametuambia mambo matatu. Kwanza, kwenye fomu niendelee kusema sijawahi kuolewa, na binti yangu tumwandike kuwa ni mtoto wa dada yangu, halafu tutamchukua baadaye kwa njia ya kuasili. Pili, kwa kuwa mshahara wa mume wangu haufiki, atatutengenezea taarifa ya benki kwa shilingi milioni 3. Tatu, mambo yakikawia, niende kwa viza ya matembezi na nikifika huko nibadilishe.

Mshahara wangu wa ualimu nao tulidhani ungesaidia, yeye anasema hauhesabiwi. Nina pia nyumba niliyogawiwa kwenye mirathi ya marehemu baba, iko Chumbageni, ina wapangaji na kodi yote inafika shilingi 700,000 kwa mwezi. Mimi mwenyewe ninaishi kwa mama. Je, nyumba hiyo ina faida yoyote? Au niiuze?

Usiku silali. Mwanangu ameanza kuniuliza kama Leeds kuna bahari.

Mwalimu, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile lililoniuma zaidi kuliko yote: usimwandike binti yako kuwa ni mtoto wa dada yako. Hata kama wakala anakuhakikishia kwamba wengi wamepita kwa njia hiyo. Hata kama mumeo naye amechoka kusubiri. Fomu ya viza ya mke inauliza kama umewahi kuolewa na inauliza watoto wako. Majibu yako yanawekwa kwenye kumbukumbu na hayafutwi. Viza ya kwanza ni ya miezi 33. Ikikaribia kwisha utaomba nyongeza, na baada ya miaka 5 utaomba ukaazi wa kudumu, na kila mara jalada lako linafunguliwa upya. Sasa fikiria siku utakapotaka kumchukua mwanao. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina lako. Utamweleza nini ofisa anayeshika karatasi mbili, moja inasema huna mtoto na nyingine inasema unaye?

Udanganyifu kwenye maombi ya viza ya Uingereza hautazamwi kama kosa dogo la kujaza fomu. Maombi yanakataliwa na unaweza kufungiwa mlango kwa muda unaofika hata miaka 10. Miaka 10 kuanzia sasa binti yako atakuwa na miaka 19, mtu mzima, na njia ya kumpeleka kama mtoto wako itakuwa imefungwa. Huyo wakala hatakuwepo kukujibia. Taarifa ya benki ya kutengenezwa iko kwenye kapu hilohilo: ofisa anaweza kuwasiliana na benki iliyotajwa akahakikisha, na hapo hata yale yenu ya kweli hayatasadikiwa tena. Milioni 3 zenu zibaki mfukoni. Zina kazi.

Umesema kosa ni moja, lile la fomu ya ndoa. Mwanangu, hilo ndilo kubwa, na ndilo la kushughulikia kabla hujagusa jambo lolote la viza.

Kwa upande wa dini, kama talaka ilitamkwa ipasavyo na edda ukakaa, hilo masheikh ndio wa kulisema na mimi sina neno juu yake. Ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, ina utaratibu wake. Ndoa iliyofungwa hapa, iwe ya msikitini, kanisani au bomani, inahesabika ipo mpaka mmoja afariki, au mahakama itoe amri ya kuivunja au kuibatilisha. Talaka iliyoandikwa kwenye karatasi na kuishia mikononi mwa mashahidi wawili haitoshi mbele ya sheria hiyo. Na sheria hiyohiyo inasema mwanamke ambaye ndoa yake bado ipo hawezi kufunga nyingine. Unaona inakoelekea: kwa macho ya serikali, cheti chako cha mwaka jana kinaweza kuhesabiwa batili tangu siku kilipoandikwa. Na Uingereza inakubali ndoa ya nje pale tu ilipofungwa kihalali katika nchi ilikofungwa.

Najua maneno haya ni mazito kwa mtu ambaye usiku halali. Lakini yana dawa, na dawa yenyewe iko hapohapo Tanga.

Unaanzia kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, au Baraza la Kata. Mtaitwa wewe na mtalaka wako. Ikionekana hakuna la kupatanisha, na miaka yote hii imeshapita, Baraza linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wengi huiita Fomu Namba 3. Bila hati hiyo, kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka. Ukiwa nayo unakwenda Mahakama ya Mwanzo, maana nayo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa ndoa ya Kiislamu mahakama inaangalia mambo matatu: kwamba ndoa ilikuwa ya Kiislamu kweli, kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha, na kwamba baada ya hapo kimefanyika kitendo ambacho kwa sheria ya Kiislamu kinavunja ndoa. Hapo ndipo wanawake wengi hukwama, kwa kudhani karatasi ya zamani itabeba yote. Mtalaka wako anaweza kutakiwa kuithibitisha talaka upya baada ya Baraza kumaliza kazi yake. Kwa hiyo mpigie simu mapema na uzungumze naye kwa heshima. Kama ana mke mwingine na maisha yake, hana sababu ya kukugomea, lakini asishtuliwe na wito.

Katika shauri hilohilo, omba pia amri ya malezi ya mtoto. Usiliache kwa baadaye. Mahakama inayovunja ndoa ina uwezo wa kuamua mtoto akae na nani, na karatasi hiyo utaihitaji sana, nitakueleza kwa nini.

Amri ya talaka ikishatoka, isajilishe RITA, wakala wa serikali anayesajili ndoa na talaka, kisha mfunge ndoa upya na huyo mumeo, kwa taratibu zote kuanzia tangazo la ndoa, na safari hii pale panapouliza hali yako andika kwamba ni mtalaka. Usione aibu mbele ya majirani. Mwite sheikh, wazee wawili, chai na vitumbua, basi.

Kabla ya hatua ya kwanza, kaa na wakili. Nalisisitiza hili kwa sababu kuandika jambo lisilo kweli kwenye taarifa ya ndoa kuna lawama yake kisheria, na inafaa mtu anayeijua sheria akuongoze namna ya kulisahihisha, na namna ya kukishughulikia kile cheti cha mwaka jana. Kama gharama inakutisha, mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yamekuwa yakitoa msaada wa kisheria kwa wanawake bila kuwatoza. Wakili wa mahakamani hapa ni mtu tofauti na mtu wa viza. Huyo wa viza, kama mtamhitaji, mumeo amtafute Uingereza na ahakikishe ameandikishwa, kwa sababu kule kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa la jinai. Vishoka wa mtaani hawana wa kuwawajibisha.

Sasa hela.

Wakala wako katika jambo moja amesema kweli: mshahara wako wa ualimu hauhesabiwi. Unapoomba ukiwa nje ya Uingereza, mshahara unaotazamwa ni wa mumeo peke yake. Inakera, najua, kwa mwanamke aliyesimamisha nyumba kwa chaki, lakini ndivyo kanuni zilivyo. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, kiwango cha chini kwa maombi mapya ni pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani kilikuwa 18,600. Jambo moja la nafuu kwako ni kwamba siku hizi kiwango hakiongezeki kwa sababu ya mtoto, kama ilivyokuwa chini ya kanuni za awali. Kwa hiyo pengo lenu ni pauni 2,000, awepo binti yako kwenye maombi au asiwepo.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa akiba, lakini hesabu yake ni kali. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa. Juu ya hizo unaweka pengo mara mbili na nusu. Kwenu ni 5,000 juu ya 16,000, jumla pauni 21,000, na ziwe zimekaa benki miezi 6 bila kushuka chini ya hapo. Akiba yako na ya mumeo zote zinaruhusiwa. Sidhani kama mnazo, na sitaki mkope, kwa sababu mkopo hauhesabiwi kuwa akiba.

Nyumba ya Chumbageni usiiuze! Mshahara wako haukubaliki, lakini kodi ya nyumba yako inakubalika. Kanuni zinaruhusu kujumlisha mshahara wa mume aliyeajiriwa na pato lisilo la ajira, na pango la nyumba limo, hata kama nyumba ni ya mwombaji na iko nje ya Uingereza, ilimradi msiwe mnaishi ndani yake. Shilingi 700,000 kwa mwezi ni milioni 8.4 kwa mwaka. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya karibuni hiyo ni zaidi ya pauni 2,000. Pengo lenu lote limezibwa na urithi wa marehemu baba yako, Mungu amrehemu.

Lakini lazima ithibitishwe kwa karatasi, na hapa nadhani una kazi. Wanataka kuona hati inayoonyesha nyumba ni yako, mikataba ya wapangaji, na taarifa ya benki ya miezi 12 inayoonyesha kodi ikiingia kwenye akaunti yako. Nyumba ya mirathi aghalabu hubaki kwenye jina la marehemu miaka nenda miaka rudi. Kama ndivyo ilivyo, msimamizi wa mirathi akamilishe uhamisho ili jina lako lisomeke. Na kama wapangaji wanakupa hela mkononi au wanakutumia kwa simu, kwa ofisa wa viza ni kama hujalipwa. Kuanzia mwezi ujao waingize benki, kila mmoja kwa jina lake, kila mwezi, na mikataba iandikwe upya kiasi kilekile kinachoingia. Anayelipa kwa miezi 6 kwa mkupuo, mkataba wake useme hivyo. Shilingi ikishuka thamani mnaweza kupungukiwa kidogo, kwa hiyo mumeo naye asibweteke. Akipata nyongeza ya mshahara, ni heri. Tahadhari moja kwake: akibadili kazi katikati, hesabu ya mshahara wa miezi 6 kwa mwajiri mmoja inaanza upya, na njia nyingine ina masharti marefu zaidi. Atunze hati zake za mshahara na taarifa zake za benki, na tarakimu za hati za mshahara zilingane na za benki mwezi kwa mwezi.

Unaona basi kwamba mna mwaka mzima wa kungoja kodi ikusanyike benki, na mwaka huohuo ndio wa Baraza, mahakama na kufunga ndoa upya. Hamtapoteza siku yoyote kwa kusema kweli.

Gharama zenyewe mzijue mapema. Ada ya maombi kutoka nje ya Uingereza iliwekwa pauni 1,938 mwezi Aprili 2025, na huwa inapanda, mara nyingi mwezi huohuo wa Aprili, kwa hiyo mumeo aangalie tovuti ya serikali yao siku ya kulipa. Juu yake kuna mchango wa huduma za afya: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na kwa viza ya miezi 33 unalipa 3,105 kwa pamoja. Mtoto analipa ada ileile ya maombi, na mchango wa afya pauni 776 kwa mwaka. Kwa viwango hivyo, wewe na binti yako mnakaribia pauni 9,300 kabla ya nauli. Mkikataliwa, mchango wa afya unarudishwa, ada ya maombi hairudi. Ndiyo maana sitaki mpeleke maombi mabichi.

Kuhusu mtoto nitakuambia bila kukuficha kwamba hapo pana ugumu. Baba yake yu hai na hujaachana naye kwa kifo, kwa hiyo utatakiwa kuonyesha kwamba wewe peke yako ndiye unayebeba jukumu la malezi yake. Hawaangalii nani anampenda zaidi. Wanaangalia nani anaamua. Nani alichagua shule, nani anasaini fomu ya hospitali, nani anaitwa mwalimu mkuu anapotaka kuzungumza na mzazi? Baba kutuma hela mara mojamoja na kupiga simu ya Idi hakukuondolei sifa hiyo. Lakini akiwa anashirikishwa kwenye maamuzi makubwa, inakuwa taabu. Mama yako kumpikia na kumwogesha ukiwa kazini hakudhuru, ilimradi maamuzi ni yako. Amri ya malezi kutoka mahakamani itasaidia, ingawa peke yake haimalizi mjadala. Kusanya risiti za ada zenye jina lako, barua ya shule, kadi ya kliniki tangu alipozaliwa, na barua ya baba yake ya kuridhia mtoto asafiri akae nawe, yenye maelezo ya kweli ya alivyoshiriki na ambavyo hakushiriki. Asiandikiwe maneno mdomoni. Ukienda kumkatia pasipoti utahitaji ridhaa yake pia, kwa hiyo hiyo simu ya Mombasa ina mengi ya kubeba. Ipige ukiwa umetulia.

Kama unajiuliza utangulie wewe kisha yeye afuate, mimi ningemwombea pamoja nawe. Ukishakaa Uingereza miaka miwili na mtoto yuko kwa bibi, ofisa atauliza nani amekuwa akiamua muda wote huo, na jibu lako litakuwa dhaifu kuliko la leo. Na hiyo hadithi ya kuasili futa kabisa. Mama hamwasili mwanawe wa kumzaa.

Viza ya matembezi nayo si njia. Aliyeingia Uingereza kama mgeni hawezi kubadilisha akiwa ndani awe kwenye viza ya mke, kanuni zinakataza wazi. Atalazimika kurudi aombe kutoka nje. Na ukiomba matembezi huku moyoni unakwenda kuhamia, hapo nako unadanganya. Kama unataka kumtembelea likizo ya Desemba kweli na kurudi shuleni Januari, hilo ni jambo jingine na halina ubaya. Ila kwa hali yenu, mwenye pasipoti nyepesi ni yeye. Aje yeye.

Yaliyobaki ni mepesi kwa mwalimu. Mtihani wa Kiingereza kwa hatua ya kwanza ni kiwango cha A1, kuzungumza na kusikiliza tu, na mmoja unaokubaliwa ni IELTS Life Skills. Hakikisha ni huo na kituo kimeidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza, kwa sababu watu wamelipa mtihani wa jina linalofanana wakaambulia patupu. Kipimo cha kifua kikuu kinafanyika kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, na cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie sasa. Fanya karibu na siku ya kuomba, na mtoto aende pia. Mahakama zetu siku hizi hutoa hukumu kwa Kiswahili, kwa hiyo amri yako ya talaka itahitaji tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. Mumeo atafute barua ya mwenye nyumba anayoishi, ikieleza vyumba vingapi na kwamba mnakaribishwa, kwa sababu wakiona mtabanana wanakataa. Ushahidi wa uhusiano wenu usiwe rundo la meseji elfu moja. Chagua chache za kila mwezi, tiketi zake za ndege, picha mkiwa na wazee, risiti za hela alizokutumia.

Na iwepo barua yako wewe, kurasa mbili hivi, ikieleza kwa mpangilio: niliolewa mwaka fulani, nikaachika kwa karatasi, sikujua utaratibu wa mahakama, cheti cha kwanza cha ndoa na mume huyu kilikuwa na kasoro hii, tumeirekebisha hivi, na hizi hapa karatasi. Ofisa akilisoma jambo hilo kwako mwenyewe, na karatasi zikaliunga mkono, kwake ni maelezo. Akiligundua mwenyewe ni udanganyifu. Mumeo naye kwenye sehemu yake aandike yaleyale.

Sasa niseme nawe kama mama. Umesema anakupenda na anampenda mtoto, nami nafurahi. Bado nataka ujue kwamba viza ya mke inakuruhusu kufanya kazi tangu siku unapofika, lakini haikupi misaada ya serikali yao, kwa hiyo miezi ya mwanzo utamtegemea yeye kwa mengi. Fungua akaunti yako ya benki huko mapema. Pasipoti yako na ya mwanao zikae mahali unapopajua wewe. Kodi ya Chumbageni iendelee kuingia kwa jina lako. Na kama siku moja, Mungu aepushe, nyumba ikageuka kuwa ya mateso, usikubali kuambiwa kwamba ukiondoka unarudishwa Tanga. Sheria yao ina njia ya mke anayenyanyaswa kuomba ukaazi kwa jina lake mwenyewe. Nakueleza sasa kwa sababu wanaoambiwa baada ya kufika huwa wameshateseka sana.

Kazi ya ualimu usiiache. Usiandike barua ya kuacha kazi, usigawe vyombo, usimwondoe mtoto shuleni kwa sababu maombi yamepelekwa. Majibu huchukua miezi, na kukataliwa kupo hata kwa wenye karatasi safi. Ikitokea, una siku 28 za kukata rufaa ukiwa nje ya Uingereza, na wakili wa kule atawaambia kama ni bora rufaa au maombi mapya. Viza ikitoka, uliza kwa mwajiri wako kuhusu likizo bila malipo kwanza.

Binti yako mjibu kuhusu Leeds: bahari haipo palepale, lakini kwa treni unaifikia siku hiyohiyo, na ni baridi hata kiangazi. Ajue pia kwamba safari si ya mwaka huu.

Wiki hii nenda kwa wakili, halafu Baraza. Mwezi ujao kodi iingie benki. Ukishaipata ile hati ya Baraza niandikie tena, unieleze mtalaka wako amepokeaje, tuangalie pamoja namna ya kuiandika barua ya baba wa mtoto.